Yumo

Tartu, Februari, mto umeganda hadi chini ya daraja,
na Helve ameketi jikoni na soksi mbilimbili miguuni,
anaandika mistari mitatu.
Ulikuwepo wa nne, wa kuonyesha mahali. Aliufuta,
kwa kuwa swali lilikuwa yumo au hayumo.

Ng'ambo ya meza mama yake, Salme, anamenya viazi.
Kati yao, ndani ya kompyuta, limelala daftari la mishahara
la kiwanda cha viberiti: kurasa mia tisa
zilizopigwa picha, kisha zikasomwa na mashine isiyojua kupumua.
Nafasi zote imezimeza, herufi kubwa imezifanya ndogo,
majina yamebanana kama njiti,
uzi mmoja wa shanga milioni na ushei.

Ivo, kaka wa baba yangu, yumo?

Helve haparamii uzi mzima.
Anauliza pale mwanzo tu: unaanza na i, halafu v, halafu o?
Hauanzi.
Basi anaondoa kichwa, anabaki na mkia,
na mkia nao, ukiutazama, una kichwa chake.
Anauliza tena. Anaondoa. Anauliza.
Hakuna kinachokufa kwa kukatwa huku.
Lugha aliyoichagua haijui kuharibu:
daftari liko vilevile, halijapungua hata shanga,
na kila mkia ni daftari lilelile
likitazamwa kutoka hatua moja mbele.

"Na uzi ukiisha?" Kisu cha Salme kiko hewani.
"Ukiisha hajaonekana, itasema Si kweli."
"Akionekana mapema?"
"Inaishia hapohapo. Mikia iliyobaki haiguswi.
Ni mvivu, mama. Haifanyi kazi
ambayo hakuna aliyeiomba."
"Kama baba yako,"
na ganda refu la kiazi linaanguka bila kukatika.

Kisha, kwa kidole chenye wanga, kabla jina halijaandikwa,
Salme anabonyeza kitufe.
Kweli, inajibu mashine.
"Kweli nini? Hatujauliza kitu!"
"Ndivyo ilivyo. Neno lisilo na herufi hata moja
limo ndani ya kila neno."
Salme anaweka kisu chini.
Anakaa na jibu hilo hadi maji yanachemka,
yanamwagika, yanaunguza jiko.

i. v. o.
Kweli.

Lugha ninayotungia mimi ina njia tatu za kuonyesha:
po, hapo hasa unapoweza kuweka kidole;
ko, huko, upande fulani wa dunia;
mo, ndani, pande zote umezungukwa.
Mashine ya Helve imepewa mo peke yake.
Yumo, inasema, na kunyamaza.
Haisemi yupo ukurasa gani, alilipwa ngapi,
alitia sahihi au alibandika dole gumba.
Nami najua haba imo ndani ya mahaba,
amani imo ndani ya thamani,
wala hakuna aliyezitia humo kwa makusudi.

Salme amekwenda kumwaga maji ya viazi.
Amegeuka dirishani, mvuke umemfunika uso, anasema
kumbe alikuwepo, kumbe hakuzama, kumbe alikula mshahara.
Upesi Helve anaurudisha ule mstari wa nne,
unaotaja nambari ya shanga, na shanga mbili za kabla yake.

r, a. Raivo, mtu wa magogo.
t, a. Taivo.
r, a. Raivo tena, wiki iliyofuata.
r, a.
r, a.
Halafu, mbali sana, karibu na jalada la nyuma,
kabla ya i hakuna herufi. Kuna saba.
Huenda ni mwisho wa mshahara wa mtu mwingine,
huenda ni nambari ya mstari,
huenda ni kovu la karatasi ambalo mashine ililiona kuwa saba.

"Saba," Helve anasema kwa sauti, bila kutaka.
"Saba nini?"
"Sijui bado."
Salme anatia chumvi. "Saba," anarudia,
kama mtu anayeonja.